Wikiendi ndefu Izmir: mpango wangu wote huu hapa

Shikamooni wazee wetu, na nyinyi wengine hamjambo. Karibuni tena. Leo sijatoka nje, nimekaa hapa nyumbani Köln na ramani mezani, maana wikiendi ndefu inakuja na nimeshaamua: naenda Izmir.

Mkiniuliza habari za Uturuki, wengi mnataka Istanbul. Istanbul haina neno, lakini kwa siku chache utaishia kuchungulia mlangoni. Izmir iko magharibi, kwenye ghuba ya bahari ya Aegean, na hata kwa safari fupi unaweza kuuridhisha moyo wako.

Na jina lake la zamani mmeshalisikia kanisani. Fungueni Ufunuo sura ya 2, lile kanisa la Smirna, ndiyo Izmir yenyewe. Na Waefeso walioandikiwa waraka? Magofu ya mji wao, Efeso, yapo kusini, mwendo wa kilomita 80 hivi, pembeni ya mji mdogo wa Selçuk. Ndugu zangu Waislamu, hapo hapo kuna pango ambalo watu hulionyesha kuwa ni la As-habul Kahf, wale vijana waliolala pangoni miaka mingi. Miji mingine nayo inadai pango hilo, Tarsus mmojawapo, lakini nitapita nilione kwa macho yangu.

Haya, usafiri. Huku Ujerumani ndege za moja kwa moja zipo. Ukitoka Dar au Nairobi utapitia Istanbul, halafu unaunga ndege nyingine ya kama saa moja. Viza, tafadhalini sana: masharti hutegemea pasipoti uliyonayo na vibali vingine ulivyo navyo, kwa hiyo anza na tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki kabla hujampa wakala yeyote hata shilingi. Uwanja wa ndege umeunganishwa na mji kwa treni inayoitwa İZBAN. Unanunua kadi, unaweka salio, na kadi hiyo hiyo unapandia treni, tramu na feri.

Kulala, mimi nachagua karibu na stesheni ya Basmane. Hoteli za bei ya chini ziko huko, na treni ya kwenda Selçuk huondokea hapo. Dada anayesafiri peke yake, na anayependa kutembea usiku, ningemwambia alale Alsancak, kwenye mikahawa na barabara ya ufukweni wanayoiita Kordon.

Efeso nitaipa siku nzima. Nataka niwe langoni saa mbili asubuhi, kabla jua halijachachamaa na mabasi ya watalii hayajafika. Kuna malango mawili. Nitaanzia la juu ili niteremke. Chini kuna maktaba ya Celsus, halafu ule ukumbi mkubwa wa michezo, inasemekana ulichukua watu 25,000 hivi. Ndimo humo, katika Matendo sura ya 19, watu walipiga kelele kama saa mbili nzima, "Artemi wa Waefeso ni mkuu." Hekalu la huyo Artemi, mungu wao wa kike, leo limebaki nguzo moja imesimama peke yake. Na kitu kitakachowagusa watu wa pwani: Efeso ilikuwa bandari. Mto ulileta matope mwaka hadi mwaka, bahari ikasogea, mji ukafa. Leo ukisimama pale bahari iko kilomita kadhaa. Tiketi kwa wageni ni ghali, jipangeni.

Lakini wapendwa, msiende Efeso mkarudi mkaondoka. Wengi hufanya hivyo, na mimi naona wanaacha kitu kikubwa mjini.

Kuna soko la kale linaitwa Kemeraltı, vichochoro kama vya Mji wa Kale Mombasa, ukipotea unatokea msikitini au kwa muuza kahawa. Barabara yake kuu imepinda kwa sababu inafuata ukingo wa bandari ya zamani iliyokwisha fukiwa. Ndani yake kuna Kızlarağası Hanı, nyumba ya wasafiri na wafanyabiashara iliyojengwa mwaka 1744. Sasa nisikilizeni. Aliyeijenga ni Hacı Beşir Ağa, Mwafrika mzaliwa wa Uhabeshi. Alitekwa, akahasiwa, akauzwa utumwani, akaja kuwa mkuu wa matowashi weusi katika kasri la sultani kuanzia mwaka 1717 hadi alipofariki 1746. Mtu huyo alisimamia hata wakfu za Makka na Madina. Watalii wanakunywa kahawa uani pale, na nadhani wengi hawamjui aliyejenga. Mimi siku ya mji nitaanzia hapo, kabla ya ule mnara wa saa wa 1901 ambao kila mtu anaupiga picha.

Na yeye alikuwa mkubwa. Wadogo je? Vizazi vya Waafrika waliopelekwa utumwani enzi za Waosmani, yaani dola ya zamani ya Kituruki, bado wapo vijijini kuzunguka Izmir, Torbalı na Bayındır, na Aydın kule kusini. Ni Waturuki, lugha yao Kituruki. Marehemu Mustafa Olpak, ambaye wazee wake walitekwa Kenya wakapelekwa Krete, alianzisha chama chao mwaka 2006 kule Ayvalık, na sikukuu yao ya majira ya kuchipua, Dana Bayramı, ikafufuliwa. Nikisoma habari hizi moyo unaniuma, kwa sababu njia hizo zilianzia kwetu.

Sitaingia kijijini kwa mtu na kamera bila kukaribishwa. Watu si maonyesho. Kwa hiyo wanafunzi wetu mlioko Izmir, Watanzania, Wakenya, Warundi, kama kuna anayefahamiana na familia hizo, au na watu wa chama, naomba aniunganishe mapema ili nibishe hodi kwa heshima. Ikishindikana, nitapanda feri ya kwenda Karşıyaka, ng'ambo ya ghuba, jioni, nile boyoz, vile vimandazi vya mafuta walivyoleta Wayahudi waliofukuzwa Uhispania, na vijiji vitasubiri safari nyingine.