Miadi ya video ya mtoto wa kifafa: iweke simu jikoni

Habari zenu, wazazi wenzangu, karibuni tena jikoni kwangu hapa Umoja. Leo sipiki. Nawaonyesha ninavyojiandaa kwa miadi ya video na mtaalamu wa lishe wa mwanangu, ambaye ana miaka sita na yuko kwenye lishe ya ketojeniki, yaani ya mafuta mengi na wanga kidogo sana, kwa sababu ya kifafa. Mnaona simu nimeiegemeza kwenye thamosi, kando ya mizani. Hapo ndipo mahali pake. Miezi ya mwanzo nilikuwa nakaa sebuleni, nimejifunga kilemba kizuri, pazia limenyooshwa nyuma yangu kama mtu anayehojiwa kwenye runinga. Nilikuwa napoteza muda. Ukienda kliniki, hawakioni kijiko unachopimia mafuta. Kwa video wanaweza kukiona, sasa kwa nini uwafiche?

Neno moja kabla ya kuanza. Haya ni ya mtoto ambaye tayari ameanzishwa lishe na daktari wake. Usimwanzishie mwenyewe kwa kuwa umeona avokado ni bei nafuu sokoni. Kuna watoto ambao miili yao haiwezi kutumia mafuta kama nishati, na lishe hii inaweza kuwadhuru vibaya. Hao hutambuliwa kwa vipimo vya damu, si kwa macho.

Haya, tuanze na saa. Usicheke. Ujumbe wa miadi yetu uliandikwa 10:00. Mimi nikiwa kazini nikampigia shosho nikamwambia, "Kumi, Mama, usisahau." Shosho akajipanga kwa saa kumi jioni. Saa nne asubuhi mtaalamu yuko kwenye skrini peke yake, na mtoto yuko nje anacheza bano. Tangu siku hiyo naandika kwenye karatasi ya jokofu: SAA NNE ASUBUHI, kwa herufi kubwa. Kama daktari wenu yuko nje ya nchi, muulize ni saa ngapi kwa saa za Nairobi, usikisie.

Simu ichajiwe usiku, kwa sababu stima zetu mnazijua. Bando inunuliwe mapema, usiwe unahangaika nayo wakati mtaalamu anasema "hujambo, unanisikia?" Zima simu za kuingia kwa ile alama ya Usisumbuliwe. Mimi nilipigiwa na mweka hazina wa chama katikati ya maelezo ya mafuta ya nazi, picha ikaganda, nikaambiwa yote upya.

Sasa vipimo, na hapa nitakaa kidogo. Siku mbili kabla ya miadi, asubuhi, mtoto akishaenda haja na kabla hajanywa chai, mpime uzito akiwa na nguo ya ndani tu. Kama bado ni mdogo na hatulii, panda wewe kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Urefu: visigino ukutani, kitabu kigumu juu ya kichwa, weka alama ya penseli, pima kwa futi ya fundi cherehani. Namba hizi ndizo zinazoamua atakula kiasi gani mwezi ujao. Mtoto anakua na mpango wa chakula lazima umfuate.

Halafu ketoni, yaani kemikali ambazo mwili hutengeneza unapotumia mafuta kama nishati. Hiki ni kijiti cha mkojo. Nakichovya, nakikung'uta, nahesabu sekunde zilizoandikwa kwenye kopo. Hili langu ni 15. Lako lisome lenyewe. Tazameni rangi inavyohama kutoka hii iliyopauka kuelekea zambarau. Sasa angalieni kosa nililolifanya kwa muda mrefu: nilikuwa nakisogeza kijiti kwenye kamera ili mtaalamu ajionee. Chini ya balbu hii ya njano, zambarau inaonekana kahawia. Linganisha wewe mwenyewe na chati ya kopo kando ya dirisha, andika jibu na saa, kisha umsomee. Na kopo ulifunge kabisa, unyevu huviharibu vijiti hivyo.

Daftari la kifafa ni hili hapa. La mkono, la mraba, limejaa mafuta. Kila tukio lina tarehe, saa, limechukua muda gani, lilianza vipi, na siku hiyo kulikuwa na nini: homa, dozi iliyorukwa, usingizi mchache, kipande cha mandazi alichopewa na jirani mwenye huruma. Usiandike "alianguka sana wiki hii". Sana ni ngapi? Mwaka 2008, madaktari wa London, katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, walichapisha utafiti wa watoto 145 ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwatuliza. Baada ya miezi mitatu, asilimia 38 ya waliopewa lishe hii walikuwa wamepungukiwa na matukio kwa zaidi ya nusu, ilhali kwa wale waliokuwa bado hawajaanza ilikuwa asilimia 6. Kwa hiyo kuna watoto inaowasaidia na kuna ambao haiwafai, na swali utakaloulizwa baada ya miezi mitatu ni lilelile: yamepungua kwa nusu au la? Bila hesabu huna jibu, una hisia tu.

Nikiwa na mtu wa kunisaidia, huwa namrekodi mtoto anapopatwa. Kwanza lakini alazwe ubavu, vitu vigumu visogezwe, asitiwe kijiko mdomoni wala kushikwa kwa nguvu. Ikizidi dakika tano, achana na kurekodi, hiyo ni safari ya hospitali. Ukirekodi, onyesha uso na mikono yote miwili, mwite jina lake mara moja tu, kisha nyamaza. Tuma klipu kabla ya miadi, tena kwa namba ya kliniki peke yake. Isipite kwenye kundi la ukoo. Hiyo ni siri ya mtoto.

Sasa jikoni kwenyewe. Pangeni mezani kila kitu mtoto anachotia mdomoni, na mnaposema kila kitu, muwe mnamaanisha: mafuta, krimu, mayai, omena, sukuma wiki, dawa zote, hata dawa ya meno. Dawa za maji mara nyingi huwekwa sukari. Kwa lishe hii, hesabu inafanywa kwa gramu. Uwiano wa mwanangu ni tatu kwa moja, yaani gramu tatu za mafuta kwa kila gramu moja ya protini na wanga zikijumlishwa. Kuna wanaopewa nne kwa moja. Gramu ya mafuta ina kalori tisa, na ya protini au wanga ina nne. Fanya hesabu utaona kwamba katika nne kwa moja, asilimia 90 ya nguvu zote inatoka kwenye mafuta. Wale wa lishe nyepesi zaidi, ya Atkins iliyorekebishwa, mara nyingi hupewa kati ya gramu 10 na 20 za wanga kwa siku nzima. Ndizi mbivu moja ya wastani imeshapita hapo. Unga wa mahindi, karibu robo tatu ya uzito wake ni wanga, ndiyo maana ugali umehama nyumba hii.

Mama mkwe alipoona mjukuu ananyimwa ugali na kumiminiwa mafuta, alidhani ni mambo ya mitandao. Nikamwambia ilipendekezwa mwaka 1921 na Dk. Russell Wilder wa Mayo Clinic kule Marekani. Akauliza kama huyo Wilder aliwahi kula githeri. Lakini alituliza roho, na siku hizi ndiye anayeshika simu.

Na hapo ndipo nataka mnisikilize. Mtu anayempikia mtoto mchana awe kwenye miadi. Awe shosho, awe dada anayetusaidia nyumbani, awe baba. Miadi ya tatu, mtaalamu alimwomba shosho apime mafuta kama anavyopima kila siku. Shosho akaweka bakuli kwenye mizani, akamimina. Mtaalamu akasema, "Shosho, ngoja. Umebonyeza sifuri baada ya kuweka bakuli?" Hakuwa amebonyeza. Kwa wiki mbili mtoto alikuwa anapungukiwa mafuta kwa uzito wa bakuli zima, na mimi nilikuwa nalaumu dawa. Hebu tazameni: bakuli, sifuri, ndipo mafuta. Tena: bakuli, sifuri, mafuta. Kisha mtoto akimaliza, bakuli likwanguliwe kwa mwiko wa mpira, maana mafuta yanayobaki kwenye kuta ni sehemu ya chakula. Akiacha kitu, piga picha mabaki.

Pakiti geuza nyuma, isogeze polepole hadi maandishi yasomeke. Hivyo ndivyo ilivyogundulika kwamba mala niliyoletewa ilikuwa ya kutiwa sukari.

Maswali yako yaandike, matatu yanatosha. Lile la choo liulize hata kama unaona aibu, kufunga choo ni jambo la kawaida kwa lishe hii. Kama kuna vipimo vya damu au mkojo vilivyoagizwa, vifanyike maabara na majibu yatumwe mapema, sababu kamera haioni mawe kwenye figo.

Mtoto akitapika mfululizo, akapumua haraka haraka, akalegea au akakataa kunywa, usingoje miadi ya Alhamisi. Mpeleke hospitali, na mlangoni waambie yuko kwenye lishe ya ketojeniki, kwa kuwa maji ya dripu na dawa za maji zinaweza kuwa na sukari. Wao ndio wataamua kama anaihitaji.

Kabla hamjaagana, rudia namba kwa sauti: krimu gramu ngapi, mafuta gramu ngapi, dozi ipi imebadilika, miadi ijayo lini, saa ngapi ya Kiswahili. Mwombe atume kwa maandishi pia.

Halafu jambo la mwisho, kabla hata sijaosha vyombo. Huu ndio mpango wa zamani, umebandikwa hapa kwenye mlango wa kabati. Naubandua. Nauchana mbele ya shosho, kwa sababu mwezi wa nne ilikaa mipango miwili ukutani na kila mtu akafuata wake. Sasa nabandika huu mpya, tarehe juu. Shosho, leta ile gundi.