Nilikula Pesa za Mchezo: Kwa Nini Nilipotea Mwaka Mzima

Shikamooni wazazi wangu mnaonitazama, wadogo zangu hamjambo. Mikono yangu mnaiona ilivyo nyeusi, ni utomvu wa ndizi. Nimetoka kumenya sasa hivi, nyama iko jikoni, kwa hiyo nitaongea nanyi mpaka iive.

Wengi mmeuliza nilikuwa wapi. Wengine mlimpigia mama yangu Machame mkidhani nimekufa au nimefungwa. Nilikuwa hapahapa Minnesota, nyumba hiihii. Nilikuwa nimejificha.

Mnajua sisi wanawake wa huku tunacheza mchezo kama nyumbani. Tulikuwa 12, kila mmoja dola 300 kwa mwezi, anayefikiwa na zamu anapokea 3,600. Kijumbe, yaani mkusanyaji na mtunza pesa, nilikuwa mimi. Miaka minne sikuwahi kupunguza hata senti, ndiyo maana hakuna aliyekuwa ananiuliza neno.

Kazi yangu mnaifahamu, natunza wazee, zamu ya usiku. Unatoka saa moja asubuhi, mwili umechoka lakini usingizi hauji, na nyumbani hakuna mtu. Saa hiyo kasino iko wazi. Mwenzangu wa kazini alinipeleka mara moja tu. Nje baridi inakata masikio, mle ndani kuna joto, kuna taa, mtu anakukaribisha kwa tabasamu. Siku ile ya kwanza nilishinda dola 140. Natamani ningeliwa hela siku ileile.

Mwaka jana mwezi wa pili, pesa za mchezo zikiwa kwenye mkoba wangu, nikasema nachukua 200, kesho narudisha. Wewe unayesuka mikeka ya kubeti hapo Dar, neno hilo unalijua. "Kesho narudisha." Kufika saa nne asubuhi mkoba ulikuwa mtupu. Na zamu ile ilikuwa ya dada mmoja aliyetaka kwenda nyumbani kumuuguza baba yake. Wenzake wakachanga upya, ikachukua siku kadhaa, akaenda. Alifika baba ameshazikwa.

Nipeni dakika.

Nilizima simu, nikafunga mapazia. Kazini nilikwenda, nikarudi, sikuongea na mtu. Wiki ya tatu, asubuhi, theluji imejaa mpaka mlangoni, nikasikia hodi. Mwenyekiti wetu. Mama wa miaka 67, magoti yanamsumbua, amepanda ngazi zote zile na chombo kimefungwa kwa kitenge. Mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Nikaanza kulia, nikaanza kujieleza, akanikatiza: "Mwanangu, kula kwanza." Akakaa na koti lake, akanitazama mpaka nikamaliza bakuli. Wachaga wenzangu mnajua mtori anapikiwa nani. Anapikiwa mzazi, aliyetoka kujifungua, amelegea, damu imemtoka. Mimi niliuletewa nikiwa mwizi.

Tangu siku ile nimeisoma Yohana 21 mpaka ukurasa umelegea. Petro alimkana Bwana mara tatu, usiku wa baridi, akiota moto wa makaa. Hiyo ni sura ya 18. Halafu anafika ufukweni anakuta moto wa makaa tena, juu yake samaki, na mkate. Hebu fikiri harufu ile ilimfanyia nini. Na Bwana hakuanza na kesi. Alisema, "Njoni mfungue kinywa." Yale maswali ya "wanipenda?" yalikuja watu wameshakula. Yalikuja matatu, na yaliuma, maana imeandikwa Petro alihuzunika.

Na mimi yangu yalikuja. Jumapili yake nilikaa mbele ya wanawake wale 11, nikataja kila nilichochukua na kila uongo niliosema. Wakakubaliana nilipe 200 kila mwezi, nisishike tena pesa ya mtu, na niende kwenye kikundi cha watu wanaoacha kamari. Vikundi hivi vilianzia Los Angeles mwaka 1957, kuingia ni bure, unakaa unasikiliza, ukiwa tayari unasema. Kasino nako nikasaini karatasi ya kuzuiwa kuingia. Nimeshalipa 2,200. Bado 1,400.

Yule dada aliyefiwa hanisalimii mpaka leo. Simlaumu. Kuna wanaoniambia, "Mungu ameshakusamehe, yeye ni nani?" Jamani, msiseme hivyo. Msamaha nilioupata siwezi kumgeuzia yeye ukawa deni, mtu niliyemwibia siku za mwisho za baba yake. Nikimkuta kanisani namwamkia, napisha njia. Asipojibu, hajanikosea kitu.

Kama wewe unayenitazama umekula ada ya mtoto, umekula pesa ya kikundi, umekula ya kiwanja aliyotuma kaka yako, mtafute mtu mmoja leo umwambie kiasi chenyewe. Kiasi. Usianze na sababu. Mimi sababu zangu zilikuwa nyingi na zote zilinifungia ndani.

Wiki iliyopita mmoja wetu amejifungua mtoto wa kiume. Mwenyekiti akanipigia, akasema mtori wa mzazi utapika wewe, watu wote watakuja. Nikamuuliza, wote wanajua napika mimi? Akasema wanajua. Na yule dada? Akasema, "Naye anajua, na amesema atakuja."

Nyama naisikia inachemka. Ngojeni nikakatie ndizi.