Maua ya Leo Yafike Leo: Mhadhara kwa Wafanyabiashara Wadogo wa Kinangop

Wazee wetu, kina mama, vijana, hamjambo? Nimepewa muda mfupi kabla ya chai, kwa hiyo naingia moja kwa moja: kupeleka maua siku ileile yalipoagizwa, katika mji mdogo kama huu wetu wa Engineer, ambako ukishaacha lami unaanza kuuliza watu njia.

Anayefungua duka la maua huwaza tarehe 14 Februari. Siku hiyo ipo, na vijana watanunua waridi mojamoja, lakini haitawalipia kodi ya Julai. Kodi hulipwa na misiba. Mniwie radhi kusema hivyo mbele ya wafiwa, ila ndivyo ilivyo huku kwetu.

Mnajua mazishi yetu yanavyokwenda. Mwili unatoka mochari asubuhi, ibada inafanyika nyumbani, na kaburi likishafunikwa, mwendesha shughuli anaanza kuita: mjane, watoto, wajukuu, wakwe, kina mama wa kanisa, wenzake wa kazini. Kila kundi linasogea na shada lake. Sasa wajukuu waitwe, na shada lao liko kwenye matatu iliyokwama kwenye tope la Aprili! Ukilifikisha jioni, umefikisha majani. Ndiyo maana mazishi ya Jumamosi nayafungia oda Ijumaa mchana, na shada linalala kwa mwenye msiba au kwa jirani yake. Za siku ileile nazipokea hadi saa tano asubuhi: mgonjwa hospitalini, mama aliyejifungua, mwalimu anayestaafu. Baada ya hapo nasema hapana, hata kwa mtu wangu.

Mara nyingi anayelipa yuko mbali, Nairobi au ng'ambo. Wazo hilo si geni. Mwaka 1910 wauza maua wa Marekani walianzisha umoja wa kupokezana oda kwa telegramu: mteja analipa mji mmoja, muuza maua wa mji mwingine anapeleka. Leo telegramu imekuwa simu na M-Pesa, ila hesabu ni ileile. Anayepokea oda anabaki na sehemu yake. Tuseme mteja ametoa 5,000, kisha wewe ukaletewa 3,000 na picha ya shada la 5,000. Usilikubali hilo. Mfiwa atakayeliona shada jembamba atakumbuka duka lako, maana wa mjini hamjui. Ni afadhali namba yako ya simu iwe kwa makasisi, kwa wenye vyama na kwa watoto wa hapa wanaoishi nje, wakupigie wewe mwenyewe.

Na maua tunayatoa wapi? Hapa nacheka kidogo. Wakulima wetu wanapanda arabikamu na karnesheni, chini huko Naivasha kuna waridi kando ya ziwa, na magari yanapita kwenda uwanja wa ndege. Soko la ng'ambo hupanga waridi kwa urefu wa shina, na yale mafupi hukataliwa au hushuka bei. Shada halihitaji shina refu! Ua la shada hukatwa fupi hata hivyo, likachomekwa kwenye sponji au kwenye pete ya nyasi kavu yenye matawi ya sipresi. Mkulima wa jirani akikata alfajiri, wakati shina limejaa maji, saa mbili unayo dukani. Kata tena ncha kwa kisu kikali, kwa mshazari, na uondoe majani yatakayozama majini, maana yakioza yanaziba shina. Baridi ya Kinangop itakusaidia.

Kwenye boda boda, adui ni upepo. Funga maua kwa gazeti hadi juu ya matumba, yasimame kwenye ndoo yenye maji kidogo ndani ya kreti. Shada kubwa lisafiri kwa gari. Na mwambie dereva asipakie ndizi mbivu hapo. Ndizi ikiiva hutoa gesi iitwayo ethilini, nayo huzeesha maua. Karnesheni huumia vibaya zaidi.

Mwisho, anwani. Hatuna namba za nyumba. Oda yangu naiandika hivi: geti la kijani, ukishapita kituo cha maziwa, kabla ya daraja; halafu namba mbili za simu, ya mpokeaji na ya jirani. Maneno ya utepe namsomea mteja herufi kwa herufi, kwa sababu jina la marehemu likikosewa hakuna punguzo la bei litakalokuokoa. Nauli ya boda naidai kando, kabla pikipiki haijawashwa.

Haya, maswali. Tuanze na mama wa kule nyuma.