Msituambie "Vumilia" Tu: Unasihi kwa Ndugu Zenu wa Uingereza

Habari zenu wapendwa wa nyumbani, Tanga, Mombasa, Goma, Bujumbura. Leo nasema na nyinyi ambao dada yenu akipiga simu kutoka huku Uingereza, analia kwamba ndoa imemshinda, mnamjibu: "Vumilia mwanangu, ndoa ndoano."

Najua mnamtakia mema. Lakini huku mume anaingia zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, mke anatoka alfajiri, wanapishana mlangoni. Wengine viza yao inategemea ya mwenza, hivyo hata wakionewa wananyamaza, wakiogopa kurudishwa. Na shangazi wa kuwakalisha kitako hayupo.

Msaada upo, jamani. Hapa England (Scotland na Wales wana utaratibu wao) mtu mzima aliyejiandikisha kwa daktari wa mtaa anaweza kujipeleka mwenyewe NHS Talking Therapies, yaani huduma ya unasihi (ushauri nasaha) ya hospitali za serikali, bure, bila barua ya daktari. Atajaza fomu ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kama anajiona hafai. London kuna pia Nafsiyat, kituo cha unasihi cha tangu 1983, kinachohudumia watu wa tamaduni na lugha mbalimbali. Na mnasihi hutunza siri, isipokuwa akiona maisha ya mtu yako hatarini.

Ila kinachoniuma zaidi ni ukalimani. Mama mmoja Mkongo ameniruhusu niseme hili. Kliniki aliulizwa kama mumewe humpiga, na mkalimani alikuwa mwanawe wa miaka kumi na moja. Mtoto akainamisha kichwa. Mama akasema, "Mwambie tuko sawa." Hakuwa sawa hata kidogo!

Mkalimani wa NHS ni bure, aombwe mapema, na asiwe mtoto wala jirani. Mama aombe mwanamke akitaka. Aseme pia ni Kiswahili cha wapi, maana cha Lubumbashi na cha Unguja vinapishana, na mtu akiwa na uchungu hawezi kuanza kutafuta maneno. Akiogopa umbea wa jamii yetu, ambao upo kweli, aulize kama anaweza kupata mkalimani wa simu aliye mji mwingine.

Basi dada yenu akipiga tena, msimkatize. Muulizeni analala vipi, anakula vipi, kisha mtumieni video hii aisikilize akiwa peke yake.