Karafuu Tumezisikia Sana, Leo Boriti na Mvuje

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Huko nyuma mnanisikia? Haya.

Waandaaji wameniandikia kwenye karatasi hapa "biashara ya Mji Mkongwe enzi za Muingereza, hasa karafuu na pembe za ndovu". Karafuu sizungumzi. Nshasema mara nyingi mpaka watu wananikwepa barabarani, kila ikitajwa Zanzibar ya ukoloni ni karafuu, Sultani, ile vita ya 1896 isiyofika hata saa moja, basi, historia imekwisha. Sasa nawauliza, watu wa mitaa ya Malindi na Ng'ambo hapa mjini walikuwa wanaezeka nyumba kwa karafuu? Mtoto akilia tumbo usiku wa manane mama yake alikuwa anakwenda kumpigia hodi mwenye shamba la Pemba? Mtu wa mji alihitaji mti wa kujengea na dawa ya kuweka ndani, na waliouza hivyo viwili ndio waliojua kuuza. Nyie vijana wa biashara mnaokwenda semina kila wiki mmewaruka hao.

Tuanze na boriti, na nitakaa hapo, mnijue.

Mti wenyewe ni mkoko na mkandaa, na shehena kubwa zilitoka delta ya Rufiji, na Lamu nako. Majahazi ya Waarabu yanashuka na upepo wa kaskazi yana tende na papa mkavu, wanauza hapa, halafu wanakwenda Rufiji kupakia miti wasubiri upepo wa kusi uwarudishe. Mwaka 1939 kuna baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, alisafiri ndani ya jahazi la Kuwait, nahodha wake Ali al-Nejdi, akaona jinsi wanavyopakia kule Rufiji, mabaharia wazima wamezama kwenye tope, mbu, joto, mti baada ya mti mpaka jahazi limejaa. Na kule Kuwait na Bahrain nyumba za udongo dari zake ni miti hiyo hiyo kwa sababu jangwani hakuna mti ulionyooka wa kubeba dari.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo huwa nagombana na watu. Yule tajiri wa Kuwait alinunuaje mzigo wa nchi hajawahi kuikanyaga? Hakuna picha, hakuna sampuli, hakuna mtu wa kumpigia simu. Alinunua kwa majina. Miti inapangwa kwa unene, nyembamba kabisa ni fito, inafuata pau, mazio, boriti, nguzo, na ile minene sana banaa. Na inauzwa kwa korija, korija ni miti ishirini, si kumi na tisa na moja umeahidiwa kesho. Ukisema korija kadhaa za boriti, mtu wa Basra, mtu wa Lamu na fundi wa Mkunazini wote wanaona mti ule ule kichwani. Hilo ndilo tangazo! Huhitaji kusema "boriti bora, boriti ya kisasa, boriti original". Jina limeshamaliza kazi.

Na kila jina lina mteja wake. Fito ananunua mtu wa Ng'ambo anayesuka ukuta kabla ya kuukandika udongo. Pau zinakwenda kwenye paa la makuti. Boriti ni ya nyumba ya mawe, inalazwa kutoka ukuta mpaka ukuta halafu juu yake inajengwa sakafu ya chokaa. Ndio maana ukiingia nyumba za Mji Mkongwe vyumba vyembamba, mita mbili na nusu, mara chache vinafika tatu, ila virefu kama ukumbi. Wageni wanaulizana kwa nini, wengine wanasema ati ni mambo ya dini. Hapana bwana, ni urefu wa boriti! Mfanyabiashara wa miti ndiye aliyekupimia chumba chako cha kulala.

Pale Funguni, hapa hapa Malindi, miti ilikuwa inapangwa imejaa, na kulikuwa na wajanja, msidhani zamani watu walikuwa malaika. Mtu anachomeka mazio katikati ya rundo la boriti, nje yote mazuri. Mnunuzi anayejua haangalii nje, anaomba korija ifunguliwe, anapitisha kiganja mti mmoja mmoja kwenye kile kichwa chembamba maana shina kila mti ni mnene. Akikuta mchezo hapigi kelele, anaondoka tu, na mpaka swala ya alasiri Malindi nzima wanajua.

Kuna mtu atasema, kama ambavyo huwa naambiwa kila mara, sheikh hiyo ilikuwa biashara ya Waarabu sisi inatuhusu nini. Waliokata miti walikuwa nani? Watu wa delta. Aliyenunua fito Funguni akazibeba kichwani mpaka Ng'ambo ni nani? Babu yako. Unataka uhusiano gani tena, cheti?

Haya dawa. Dawa ni kinyume chake kabisa, na hapa ndipo mnaponiudhi nyinyi wa mitandaoni. Mti naupima kwa kiganja, dawa sipimi kwa chochote, nanunua mtu. Bibi yangu aliuza dawa barazani kwake, enzi za rupia alipoanza sikuzikuta, mama ndiye aliyenihadithia, maana rupia ziliondoka 1936 ikaja shilingi. Alikuwa na mvuje, ule unaonuka, unafungwa kitambaani anavalishwa mtoto. Sanamaki ya kuharisha. Shubiri ya kupaka ziwa mtoto aache kunyonya. Ganda la komamanga la tumbo la kuendesha, habasoda, kungumanga, ubani. Vyote kwenye vikaratasi, hakuna lebo, hakuna chapa.

Ukija unataka sanamaki hakupi. Anakuuliza kwanza, ya nani? Ana umri gani? Hajaenda choo tangu lini? Ya mkeo? Mkeo ana mimba? Ukijikunakuna kichwa tu, anafunga kikaratasi anakirudisha kikapuni, anakwambia nenda hospitali au mlete mwenyewe nimuone. Pesa yako umeinyoosha mkononi na hachukui! Na yule mtu anakwenda kusimulia, "bibi yule kanikatalia", na kesho yake wanakuja wengine watatu. Kukataa kuuza ndiko kulikomuuzia. Leo nafungua simu naona dawa moja inatibu sukari, presha, nguvu za kiume na kurudisha mpenzi, na bei punguzo mpaka ijumaa, hamuulizi hata mgonjwa ni nani.

Msinielewe vibaya, sisemi hospitali mbaya dawa za bibi nzuri. Watu wenyewe walichanganya. Lile jengo la Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, mbele ya bandari, jiwe la msingi liliwekwa 1887, baadae likawa zahanati na chini duka la dawa, mtu alikuwa anatoka pale na chupa yake anapita kwa bibi kuchukua kungumanga. Na dawa za kizungu za kopo, Zam-Buk ya kupaka kwa mfano, zilipendwa kwa sababu kopo la leo ni sawa na la mwaka jana, yaani ile ile habari ya korija. Na kwetu kopo likiisha linatiwa liwa ya kujipaka, halitupwi.

Sawa, karafuu naitaja mara moja: dawa ya jino. Nimemaliza.

Naonyeshwa saa huku. Nilitaka kuzungumza milango, nitapita haraka. Wote mnapiga picha na ile ya kuchonga, mimi nataka muangalie ile ya maduka ya Wahindi, ya Kigujarati, mbao zinazojikunja, akiifungua asubuhi duka zima liko barabarani, kioo cha dirisha cha kazi gani. Mitawanda ya miguuni na samadari za kulalia naziacha. Soko la Darajani la 1904 nalo naliacha, hilo lina mhadhara wake.

Ila boriti ziliishaje mtaniuliza. Mafuta. Waarabu wa Ghuba wakapata mafuta, wakapata saruji na nondo, mti wa Rufiji wa nini tena. Na miti yenyewe ilikuwa imekatwa sana, Kenya walipiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. Hapa kwetu bado inauzwa, nendeni mkaulize bei, mtaambiwa kwa korija.

Haya maswali. Wewe hapo nyuma uliyekuwa unacheka nilipotaja nguvu za kiume, anza wewe, unauza nini?