Kifaransa Nyumbani kwa Simu: Sikio Kwanza, Macho Baadaye

Karibuni, wazazi wenzangu. Niko nyumbani hapa Uyole, Mbeya, simu ninayo mkononi, na leo tunaanza Kifaransa na watoto. Katika malori yanayopita barabara hii kwenda Tunduma, yamo yanayofika hadi Lubumbashi, Kongo (DRC). Kule sokoni Kiswahili kinatosha, lakini darasani na ofisini ni Kifaransa. Kwa mtoto wa Mbeya, hii ni lugha ya jirani.

Hatua ya kwanza. Ukiwa na bando, pakua Duolingo, programu ya kujifunza lugha, kutoka Play Store, ni bure. Andika umri halisi wa mtoto. Kozi ninayotumia inaeleza kwa Kiingereza, kwa hiyo kaa naye umfafanulie. Pakua na Google Translate, programu ya kutafsiri, tutaihitaji.

Hatua ya pili, na hapa nawaomba sana msiharakishe. Mtoto asione maandishi kwanza. Funika maneno kwa kiganja, gusa alama ya spika, asikie mara tatu, kisha atamke. Kiswahili tunasoma kila herufi, ndiyo maana mtoto wetu akiona "petit", yaani -dogo, atasoma "petiti". Ile t ya mwisho haitamkwi! Akizoea kosa hilo, kumtoa ni kazi kubwa. Halafu kuna u ya "tu", yaani wewe. Sauti hiyo kwetu haipo. Mwambie aseme "i", ulimi ubaki palepale, midomo aikusanye kama anayepuliza uji wa moto. Jaribu na wewe sasa hivi.

Hatua ya tatu: neno lisitembee peke yake. Sema "la table", meza. "Le pain", mkate. Mtoto anayejua mti na miti, kiti na viti, tayari ana ngeli kichwani, na Kifaransa kina mbili tu: ya "la" na ya "le".

Hatua ya nne ndiyo naipenda zaidi. Fungua Google Translate, weka Kifaransa kwenda Kiswahili, gusa maikrofoni, mtoto aseme "le petit pain". Simu ikiandika hivyo hivyo, amepatia. Sasa mwoneshe maandishi, aione ile t iliyonyamaza. Ikiandika neno jingine, usimgombeze, rudini kwenye spika. Mvua ikipiga bati simu haisikii vizuri, subirini itulie.

Kwenye namba, sabini utaisikia "soixante-dix", yaani sitini na kumi. Kongo wanasema "septante". Mfundishe zote mbili, maana Mkongo ndiye atakayekutana naye.

Dakika kumi kila jioni zinatosha. Simu ikizimwa, somo lihamie mezani: kabla hujampa mkate, auombe. "Maman, du pain, s'il te plaît", yaani Mama, mkate, tafadhali. Akikwama, sema naye polepole, kisha mpe.