Uzamili Madison: baridi iacheni, semina ndiyo shughuli

Haya jamani, habari za huko nyumbani? Karibuni tena. Wengi mmeomba niwaoneshe Ziwa Mendota, la hapa mjini, likiwa limeganda. Subirini Januari, nitatoka na kamera. Leo tuongelee darasa, maana hilo hakuna aliyenieleza kabla sijapanda ndege, na sitaki wewe unayesubiri barua ya udahili uje ukiwa gizani.

Niko Madison, jimbo la Wisconsin, nasoma uzamili kwenye idara ya tamaduni za Afrika. Ndiyo, Afrika, huku huku Marekani. Programu ya masomo ya Afrika iko hapa tangu 1961.

Mlimani, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tulizoea ukumbi umejaa, mhadhiri anashusha nondo, sisi tunaandika, halafu tunapiga msuli mpaka UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Huku tumezunguka meza moja, hatufiki hata kumi. Profesa anauliza swali moja, kisha ananyamaza. Wiki moja kijana akasema sura ya tatu ya kitabu tulichosoma haina ushahidi wa kutosha. Profesa akamwambia, "Tuoneshe ukurasa." Kurasa zikafunuliwa meza nzima. Wakabishana weee, dada mmoja akampinga profesa mwenyewe, na profesa akaandika hoja yake kwenye daftari! Kipindi kilipoisha wakaondoka pamoja kwenda kunywa kahawa.

Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akishasema, amesema. Malezi hayo nayapenda na sitayaacha. Ila huku ukinyamaza wanadhani hujasoma, na kushiriki kuna alama zake. Mkenya mmoja aliyetutangulia alinipa mbinu: njoo na maswali mawili umeyaandika, la kwanza ulitoe mapema, kabla wasemaji hawajapamba moto. Inasaidia kweli.

Usomaji nao. Somo moja linaweza kukupa kitabu kizima kwa wiki, na masomo ni matatu. Ukitaka kusoma neno kwa neno hutalala. Anza na utangulizi, kisha nenda moja kwa moja kwenye hitimisho, pitia tanbihi uone mwandishi katumia nyaraka zipi, ndipo uchague sura mbili za kusoma kwa utulivu. Maktaba kuu hapa ina vitabu vingi vya Afrika, vya Kiswahili vimo. Nilifurahi kuviona na nikaumia, kwa sababu vingine nilivitafuta Dar nikavikosa. Hilo linanikera mpaka leo, na viongozi wa maktaba zetu kama mnanitazama, naomba mlisikie.

Kitu kingine ni saa za profesa ofisini. Zimeandikwa kwenye silabasi, na hapo huombi miadi, unabisha hodi tu. Usingoje ukwame ndipo uende. Nenda na wazo lako hata likiwa bichi; mimi niliingia na aya moja ya mada ya tasnifu, nikatoka na mchoro wa sura zote nne kwenye karatasi. Mtu wa kukuandikia barua ya kukupendekeza baadaye ni huyu anayekujua hivyo.

Pesa, kwa haraka. Mimi nafundisha Kiswahili mwaka wa kwanza, chuo kinanisamehe ada na kunilipa posho. Kwa viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, kazi ya chuoni haizidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kabla ya viza kuna ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, hiyo unalipa mwenyewe. Na tafadhali, njoo na akiba: unafanya kazi kwanza ndipo ulipwe, na mwenye nyumba anataka kodi na amana siku ya kwanza.

Wanaoomba mwaka huu, dirisha la idara nyingi linafungwa Desemba au Januari. Andikeni maswali yenu hapo chini. Wiki ijayo tunaandika barua ya maombi pamoja, mstari kwa mstari.